Karani na Papa wa Mninga

Mzee huyu aliogopa maji. Ndoo iliyojaa mpaka ukingoni aliipita kwa mbali. Mvua kubwa ikinyesha kwetu Madale, ambako tuko mlimani na bahari tunaiona siku za anga safi tu, yeye alivaa jaketi la kuelea, lile la rangi ya chungwa wanalovaa watu kwenye boti, akakaa nalo sebuleni akisikiliza taarifa ya habari. Na mtu huyuhuyu, kila Jumamosi, aliteremka Kunduchi kuvua samaki kwa mshipi. Alisimama juu ya mwamba ambao mawimbi hayakuufikia, jaketi mwilini, kamba kiunoni, na ncha ya pili ya kamba ameifunga kwenye bampa la kigari changu. Ndivyo nilivyoingia kwenye habari hii, kwa kazi ya nanga.

Sote mtaani tulimwita Karani. Alikuwa karani wa mahakama kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akastaafu, lakini mahakama yenyewe haikustaafu ndani yake. Akija kwangu kuomba chumvi alisimama mlangoni hadi aambiwe akae. Akibishana na muuza mkaa alimwambia, "Jielekeze kwenye swali." Kuku wa jirani alipofukua mchicha wake, alimsikiliza kwanza mwenye kuku, kisha akamtazama kuku kwa muda mrefu, ndipo akasema kwamba ushahidi unajikanganya na kuku yuko huru. Mkewe alikuwa ametangulia mbele za haki, watoto wako mikoani, na mimi ukuta kwa ukuta naye, basi nikawa binti, dereva na mzee wa baraza.

Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na nadhani hofu yake ya maji aliibeba kutoka huko. Nilipomuuliza kwa nini mtu wa nchi kavu ameng'ang'ania bahari, alisema samaki ndiye mtu pekee aliyewahi kuitwa mbele yake bila hati ya mahakama, akaja.

Wavuvi wenzake wa pale mwambani walikuwa wawili, fundi cherehani wa Tegeta na mwalimu mstaafu mwenye redio. Walivua kwa ajili ya kukaa pamoja zaidi kuliko kwa ajili ya mboga. Miaka ile nilipoanza kuwapeleka, kelele zao kubwa zilikuwa juu ya papa. Mshipi ukikazika, mara unalegea, ukiuvuta unakuja mtupu, umekatwa safi. "Papa huyo. Mshenzi sana," fundi cherehani alikuwa akisema, na wote wakimtukana papa mpaka chambo kipya kifungwe. Walimtukana kwa mapenzi, namna watu wanavyomtukana mwamuzi wa mpira.

Siku moja Karani aliuliza, bila kugeuka, "Wenzangu, ni lini mara ya mwisho mshipi wenu ulikatwa?"

 Mwalimu alizima redio ili akumbuke vizuri.

"Mie nilidhani mishipi ya siku hizi ni imara," fundi cherehani akasema.

"Mshipi ni uleule. Mkataji ndiye hayupo."

Tangu hapo shauri likafunguliwa. Karani akaanza kushinda kwenye mnada wa samaki, pale ufukweni mashua zinapoteremsha mzigo, na alichokikuta kilimuudhi. Papa wakubwa hawakuonekana. Waliolala mchangani walikuwa wachanga, urefu wa mkono hadi kiwiko, wamepangwa kwenye mabeseni. Wavuvi wenyewe walimweleza habari zilivyo: jarife, ule wavu wa matundu makubwa, linatandazwa kila mahali, na huko nje zaidi, meli kubwa zinashusha kamba ndefu zenye ndoana zisizo na mwisho, zinakata mapezi ya kuuza mbali. Kinachobaki ndicho kinachofika Kunduchi. Papa anazaa kidogo na anakua polepole, wakamwambia, huwezi kumkomba namna hiyo halafu ukamsubiri mwakani.

Alisimama mbele ya mabeseni yale na suruali yake ya kaunda suti, akamuuliza mwenye mali, "Mama zao wako wapi?"

"Wamekwenda Tabora kumtafuta mjomba wao," mwenye mali akajibu.

Huyo alikuwa Bi Tatu, Mzaramo wa Kunduchi, ambaye amenunua na kuuza samaki pale tangu ufukwe haujawa na hoteli. Alipomsikia Karani akitamka maneno mawili alishamjua kabila, na alipomjua kabila alishampata mtani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani wako anaweza kukuita mlafi mbele ya wakwe zako usiwe na la kufanya. Kukasirika ni aibu yako, si yake. Kwa upande wake, naye haombi radhi, kwa sababu hakuna kosa linalohesabika kati ya watani. Wale wawili walipendana siku hiyohiyo, na namna yao ya kupendana ilikuwa kutukanana kila Jumamosi.

Lakini Bi Tatu hakuwa mtu wa mzaha mtupu. Karani alipoanza kumhubiria kuhusu papa wachanga, alimkatiza.

"Mtani, hizo meli za huko ndani, taa zake sie tunaziona usiku utadhani mji umehamia baharini. Umekwenda kuziuliza? Hukwenda. Unaogopa maji. Umekuja kumuuliza Tatu na beseni lake."

Karani alifikiri. "Pingamizi limepokelewa," akasema, na akalipokea kweli. Alivaa suti, akaenda kwenye mkutano mmoja wa mambo ya uvuvi mjini, na alipoinuka kusema akaulizwa anamwakilisha nani. Akajibu anamwakilisha papa. Akaambiwa kwa upole kwamba papa si mdau aliyealikwa, akae. Alikaa. Aliporudi garini alikuwa ameshikilia chupa ya maji ya bure kwa mbali, kwa vidole viwili. "Wamemnyima nafasi ya kusikilizwa," aliniambia.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Mtu huyu alipenda papa mkavu wa nazi kuliko chakula chochote alichokula Pwani. Alipoanza kesi aliapa hataonja tena, na kiapo alikitunza, ila alikitunza kwa tabu. Nilipopika papa kwangu, nayo harufu ya papa mkavu haijui ukuta, nilimkuta amesimama kwenye kona ya uzio akichunguza maua ambayo hayapo. "Nakagua mpaka," alisema. Nikaacha kupika papa. Akaniuliza kwa nini siku hizi sipiki papa.

Tena alikuwa mkaidi na bahili wa sifa. Fundi cherehani alipokata tamaa akaanza kuja mwambani na bao badala ya mshipi, Karani alimwita shahidi mtoro. Mimi mwenyewe sikuwahi kupewa asante kwa mafuta ya gari. Siku moja tu, tukiwa kwenye foleni ya Mbuyuni, alifungua moyo.

"Mama Doreen, unajua ninachoogopa?"

"Maji, mzee."

"Naogopa nitakuwa mtu wa mwisho pale mwambani kukatiwa mshipi na papa. Nikifa mimi, hata wa kukumbuka kwamba walikuwepo hatabaki. Sitaki kumvua. Nataka nimwone mmoja tu, mzima, anaondoka zake. Nikishamwona nitafunga jalada."

Sikucheka. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kumkataa wakati huo, na wote wawili tulijua Jumamosi zake si nyingi.

Sasa nije kwenye mbao. Karani aliamua kwamba watu hawana uchungu kwa sababu hawajui ukubwa wa wanachokipoteza; mtoto wa Kunduchi leo anadhani papa ni samaki wa kuingia kwenye beseni. Akaenda Keko kwa mafundi wa fenicha, akampata bingwa wa makabati na vitanda vya sita kwa sita, akamwagizia papa mzima wa mninga. Picha alikataa kumwonyesha, kwa hoja kwamba picha zinapotosha ukubwa. Alimweleza kwa maneno na kwa mikono. Fundi, ambaye papa alimjua akiwa kwenye sahani tu, alisikiliza kwa adabu na kuchora kwa penseli ukutani.

Tulipokwenda kumchukua nilishika mdomo. Alikuwa mrefu, amepakwa vanishi ikang'aa, meno yamepangwa vizuri mno. Mkia ulikuwa ubao wa kichwani wa kitanda, umechongwa makopa mawili. Alisimama juu ya miguu minne mifupi. Na tumboni alikuwa na droo, yenye kishikio cha shaba.

"Mzee, mbao nzuri namna hii huwezi kuiacha bila droo," fundi alisema. "Ni dhambi."

Nilimwangalia Karani nikijua leo kuna mtu atashtakiwa. Alimzunguka papa wake, akavuta droo, akachungulia, akairudisha taratibu. "Tumbo la papa huwa na vitu ndani," akasema. "Hajakosea sana." Tulimpandisha kwenye kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi. Njiani trafiki alitusimamisha, akavuta droo, akaifunga, akaturuhusu bila neno.

Wazo la kufunga turubai la msiba lilitoka hapo. Karani alikuwa ameitisha vikao viwili nyumbani kwake kuhusu papa na kwenye vyote tulikuwa mimi, fundi cherehani na kuku. "Mtu wa Dar hana nafasi ya mkutano," aliniambia, "lakini msiba hakosi." Ijumaa akakodi turubai, viti vya plastiki na spika. Jumamosi asubuhi turubai likasimama uani kwake, katikati yake meza, juu ya meza papa wa mninga amefunikwa shuka nyeupe.

Kwetu turubai halihojiwi. Ukiliona kwa jirani unajifunga kanga, unabeba unga, unakwenda. Aliyekufa utamjua hukohuko. Kufika saa nne ua ulijaa. Kina mama wa kanisani walikuja wakiimba, na kiongozi wao aliangua kilio tangu getini, "Karani wetu, umetuacha na nani," mpaka Karani mwenyewe alipompa mkono na kumwambia pole na safari. Yule mama alimtazama, akaendelea kulia, kwa sababu alikuwa ameshaanza. Wengine walinuna. Mmoja alirudi nyumbani na unga wake. Lakini wengi walikaa, maana viti vilikuwepo, spika ilikuwepo, na mtu aliyevaa suti nyeusi alikuwa anajiandaa kusoma wasifu wa marehemu.

Na alisoma vizuri. Alisema marehemu aliishi baharini kabla ya mtu yeyote aliyekaa pale, hakuwahi kumkosea mtu wa Madale, na alikuwa na kasoro moja tu, ya kukata mishipi. "Ameacha watoto wachache," alisoma, "wote wadogo, wote wako kwenye mabeseni Kunduchi." Watu waliinamisha vichwa. Sauti ya nyuma ikauliza marehemu aliugua nini.

"Hakuugua," Karani alisema. "Alikombwa."

 Mama mmoja mbele yangu alifuta jicho. Karani aliliona, na kwa mara ya kwanza nilimwona amesimama bila kuegemea kitu. Alikuwa amesikilizwa.

Ndipo kirikuu cha Kunduchi kikaingia, kina Bi Tatu na wenzake wamepanda nyuma wakipiga masufuria.

Mtani msibani ana haki zake. Bi Tatu alilivuta shuka, akampanda papa kama anapanda baiskeli, akatangaza maiti haitoki hapa mpaka Mnyamwezi aseme amempeleka wapi mama yake mtu. Akavaa jaketi la chungwa la Karani, akaigiza anavyovuka dimbwi. Watu walicheka hadi viti vikavunjika. Mpaka hapo sawa. Hata Karani alicheka, mtani asipokuja msiba unakuwa umepungukiwa.

Kisha wakateremsha sufuria kubwa. Bi Tatu akafunua.

"Msiba gani hauna chakula? Sie tumekuja na marehemu mwenyewe."

Alikuwa papa wa nazi. Harufu ilipita chini ya turubai, na wale wale waliokuwa wameinamisha vichwa wakavinyanyua. Sahani zikapita. Kina mama wa kanisani walikula, mwalimu alikula, na aliyefuta jicho aliomba mchuzi zaidi. Mimi pia nilikula, na sitasema kilikuwa kibaya. Bi Tatu akampakulia Karani kipande cha mgongoni, akamwekea mkononi, akasimama amngojee.

Karani angeweza kumfukuza mtu mwingine yeyote. Mtani hafukuzwi. Akacheka, kwa mdomo tu. Alishika sahani ile hadi mvuke ukaisha, akaenda kwa papa wake, akavuta droo, akaiweka sahani ndani, akaifunga.

Jioni, turubai likikunjwa, aliniambia, "Wamemla, Mama Doreen. Wamemla mbele yangu, na mimi nimecheka." Nililia mimi kwa niaba yake, na nilimchukia Bi Tatu kwa moyo wote.

Baada ya siku ile Karani hakuteremka tena Kunduchi. Papa wa mninga aliingia sebuleni akawa benchi, na droo yake nimeisugua kwa majivu na ndimu lakini harufu imegoma kutoka. Jumamosi zilipita. Mguu wa kushoto ukakataa kabisa, akaanza kutembelea fimbo. Nilipokwenda ufukweni kununua samaki, Bi Tatu aliniita kwa mbali, "Mwambie mtani nimemwekea mkia." Nilifikisha salamu. Karani hakujibu, na mtani kutokujibiwa ni jambo zito.

Siku moja nilimwambia wazi. "Bi Tatu, shikamoo, lakini ulimuumiza yule mzee."

"Marahaba. Mtani haumizwi," alisema. Halafu akainama, akaendelea kumpara magamba samaki ambaye alikuwa ameshaparwa.

Asubuhi moja simu ya Bi Tatu ilinikuta nasafisha uwanja. "Mlete Mnyamwezi. Mlete sasa hivi, usimwambie kitu." Nikamwambia Karani nampeleka kliniki. Alivaa jaketi, kwa vile kulikuwa na mawingu.

Tulipofika, watu walikuwa wamejipanga ufukweni wakicheka. Bi Tatu alikuwa ndani ya bahari, maji kiunoni, kanga imemganda, mikono miwili imeshikilia tenga lililozama. Kijana wa mnadani akatueleza: mashua moja ilirudi alfajiri na papa mchanga bado anapumua, na Bi Tatu akamnunua kabla mnada haujafunguliwa, akamtia kwenye tenga, akaingia naye majini. Wamemwambia atoke, hataki. Mwanamke yule hajapata kumrudisha samaki baharini tangu azaliwe, na kwa sura yake ilionekana bado anaona ni hasara tupu.

"Mtani," akaita, "nimemshika mgonjwa wako. Mikono inakufa ganzi. Unakuja au nimtie nazi?"

Karani alitazama tenga. Akanigeukia, nami nikaelewa, nikamfunga kamba kiunoni na ncha ya pili kwenye bampa. Alishuka na fimbo yake hatua kwa hatua. Kamba ikaisha pale povu linapofikia. Alisimama. Maji yalikuja yakalowesha viatu vyake, yakarudi. Alitazama nyuma kwangu, akatazama mbele kwa Bi Tatu. Kisha akakifungua kile kifundo, polepole, akaiacha kamba ianguke.

Aliingia. Hakuna aliyecheka tena. Bi Tatu alimpokea kwa bega, wakasimama pale, Karani akaingiza mkono ndani ya tenga.

"Ndiye?"

"Ndiye. Mtazame vizuri, sirudii upuuzi huu."

Sikumwona papa mwenyewe, niliona tenga linatikisika na Karani anaruka. Bi Tatu akalipindua. Kitu cha kijivu kikapita kati yao, kikaenda. Karani akanyanyua mkono juu, na mkononi alikuwa ameshika utepe wa jaketi lake, umekatwa safi. Akautazama upande huu na upande ule. Jaketi lilifunguka, likamtoka, likaelea zake, na yeye hata hakugeuka kuliangalia.

"Amenikatia," alisema. "Mmeona? Amenikatia."

"Nimeona," Bi Tatu akasema. Radhi hakuomba, haombi. Alimshika tu mkono, kwa nguvu, akatazama upande ule mtoto yule alikoelekea. "Akikua akarudi, aanze na Mnyamwezi."

"Hakuna pingamizi," Karani alisema.

Walibaki majini muda mrefu, wakitukanana. Mimi nilikaa kwenye gari, kamba ingali imefungwa kwenye bampa, ncha yake mchangani haijashika mtu.